Wazee wa Jumuiya

Tangu nimalize shule hadi macho yaliponilazimisha kuiacha, kazi yangu ilikuwa kupiga chapa mjini Tabora. Mashine yangu ilikaa kibarazani, si mbali na stesheni. Niliandika maombi ya kazi, mikataba ya nyumba, barua za wazazi kwa walimu wakuu. Lakini watu niliowaandikia kwa muda mrefu kuliko wote, na ambao mpaka leo nikiwawaza ninaumia, ni wale tuliowaita wazee wa Jumuiya. Walipoanza kuja kwangu wengi wao hawakuwa wazee. Walikuwa wanaume wa makamo wenye mikono ya kazi, mafundi wa injini, makarani, watu wa genge la kutengeneza reli. Wamezeekea kwenye madai.

Kijana anayeiona Jumuiya ya Afrika Mashariki ya leo huenda asijue kwamba iko nyingine iliyokufa kabla yake. Ile ya kwanza ilitokana na mkataba wa mwaka 1967, na haikuwa ya mikutano na bendera tu. Ilikuwa mwajiri. Shirika la Reli na la Ndege makao yake yalikuwa Nairobi, Bandari ilikuwa Dar es Salaam, Posta na Simu ilikuwa Kampala, na wakuu wenyewe walikaa Arusha. Mtu wa Isevya au Ng'ambo hapa Tabora aliajiriwa na chombo cha nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, akakatwa akiba yake kila mwezi, na hati zake zikapelekwa kutunzwa Nairobi. Hakuona tatizo. Nairobi ilikuwa mwendo wa treni na basi, na wengine walihamishiwa huko kikazi, wakaoa huko, wakazaa huko.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ilipofika mwisho wa Juni hakukuwa na bajeti ya kuiendesha Jumuiya, na huo ukawa mwisho wake. Waliokuwa Tabora wengi waliendelea na kazi chini ya Shirika la Reli Tanzania, wakidhani mambo yatanyooshwa mbele ya safari. Waliokuwa Nairobi walirudi na masanduku na watoto wanaozungumza Kiswahili cha kule. Faili zao hazikurudi nao. Mpaka wenyewe ulikuja kufunguliwa Novemba 1983, na kwa miaka yote hiyo mtu aliyetaka ushahidi wa utumishi wake alikuwa anaulizia karatasi iliyo upande wa pili wa geti.

Tumaini lilikuja tarehe 14 Mei 1984. Siku hiyo Marais Nyerere, Moi na Obote walitia saini Arusha makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, baada ya kazi ndefu ya msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Kenya ilipangiwa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Humo ndani kuliandikwa pia kwamba kila nchi itabeba pensheni na mafao ya raia wake. Sentensi hiyo wazee waliishika kama dua. Mtu ambaye hakumaliza darasa la nne alikuwa anaweza kunitajia, nikiwa bado naweka karatasi kwenye mashine, kipengele anachotaka kiandikwe aya ya kwanza.

Basi tukaandika. Tuliandika kiinua mgongo, akiba ya mfanyakazi, mshahara wa notisi, likizo ambazo hazikuchukuliwa, nauli ya kumrudisha mtu na mizigo yake kwao. Majibu yalipokuja yalikuja kwa mdomo kwenye dirisha la ofisi, na sikumbuki mzee aliyenijia akasema ameambiwa hana haki. Hakuna aliyewakatalia. Waliambiwa suala lao linashughulikiwa. Waliambiwa faili halionekani, walete barua ya ajira. Wakileta barua ya ajira, wanaambiwa walete ya kuthibitishwa kazini. Wakileta ya kuthibitishwa, mhusika yuko safarini, njoo wiki ijayo.

Nimkumbuke mmoja. Alikuwa Mnyamwezi aliyefanya kazi katika karakana ya Nairobi, mtaratibu, kofia yake ya kitambaa akiivua kila anapokaa. Slipu zake za mshahara alizitunza ndani ya mfuko wa nailoni aliouzungushia uzi, zimepangwa kwa miaka, na kwenye kila slipu safu ya makato ya akiba ilisomeka vizuri. Tatizo lilikuwa jina. Siku alipoajiriwa, karani aliliandika jina la baba yake kama alivyolisikia, akaweka R mahali pa L. Alistaafu hivyo hivyo na hakuna aliyemsumbua, maana mshahara ulikuwa unatoka. Alipokwenda kudai, kadi yake ya kliniki ilisema L, kadi ya chama ilisema L, slipu zilisema R. Akaambiwa hao ni watu wawili.

"Mwanangu," aliniambia, "niandikie kwamba aliyekatwa hela na anayedai hela ni mimi mmoja."

Nilimwandikia hati ya kiapo, akaapa mbele ya hakimu, akagongewa mhuri. Ofisi ikaipokea. Baadaye ikasema hati hiyo haikutaja namba yake ya utumishi. Tukaandika nyingine yenye namba. Ikasemwa sasa namba hiyo lazima ilinganishwe na rejista, na rejista haipo. Hebu fikiria: mwenye rejista ni mwajiri, lakini anayeadhibiwa kwa kupotea kwake ni mfanyakazi. Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote na sijapata hoja ya kulitetea. Yeye alitunza kila kikaratasi alichopewa, akavuka nacho mpaka. Wao walikuwa na makabati, makarani na walinzi, na hawakuwa na ukurasa mmoja wa kumwonyesha.

Alifariki bado tunaandikiana na ofisi hiyo. Mkewe akaja kuchukua nafasi yake kwenye benchi langu, na hapo nilijifunza kwamba mlango wa mjane una kufuli nyingi zaidi. Alitakiwa cheti cha kifo. Alitakiwa muhtasari wa kikao cha ukoo unaomteua msimamizi wa mirathi, kisha barua ya Mahakama ya Mwanzo. Ndoa yao ilikuwa ya kimila, haina cheti, kwa hiyo wakatafutwa mashahidi waliokula harusi ile, na wengi wao walikuwa wametangulia. Kila hatua ilikuwa na nauli, na kila nauli ilikuwa kuku aliyeuzwa au mahindi yaliyopungua ghalani.

Na wakati huo wote hela yenyewe ilikuwa inayeyuka. Mwaka 1977 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa shilingi kama 8. Mwaka 2005 ilikuwa imeshapita shilingi 1,100. Mtu aliyekuwa na akiba ya kujengea nyumba, ukimpa leo kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye slipu yake, hapati hata bati. Ndiyo maana wazee walipigania riba kwa ukali ambao baadhi ya watu waliuona kuwa ni tamaa. Haikuwa tamaa. Walikuwa wanadai thamani ya kile walichokatwa.

Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Wazee wetu waliisikia redioni. Sikusikia mmoja akiikebehi, walikuwa watu walioipenda ile ya kwanza. Walichouliza ni kama mtoto huyu mpya atalipa deni la marehemu. Mwaka 2003 kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, wadai wakiwa zaidi ya 31,000, na Septemba 2005 ukafikiwa muafaka wa kulipwa. Malipo yakaanza. Wapo waliopata kitu, na niliwaona wakitoka na furaha ya kweli. Wapo waliosema walichopewa hakifanani na walichostahili, wakarudi mahakamani, na wengine wakaishia kukaa barabarani Dar es Salaam wakidai haki yao, vikongwe kwa magongo yao, katikati ya magari. Yule mjane alilipwa. Hakuniambia ni kiasi gani, na mimi sikumuuliza. Alinunua mabati, akafunika nyumba ambayo mumewe aliianza.

Katika kesi kama zile, kilichowasaidia watu wa benchi langu zaidi ya kitu kingine ni nakala. Nilikuwa natumia karatasi ya kaboni, na sikumwacha mtu aondoke na barua bila nakala ya kubaki nayo, na nilimwambia akienda ofisini ahakikishe nakala hiyo inagongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Asiye na mhuri aliambiwa hajawahi kuleta dai lolote. Mwenye mhuri alisikilizwa, hata kama ni kwa kununa.

Leo mambo yamebadilika kidogo. Tangu sheria ya mwaka 2018, mfanyakazi wa Tanzania aliyeachishwa kazi si kwa kutaka kwake, na aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii angalau miezi 18, ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Wajukuu zangu wawili wameshalidai. Mmoja alilipwa bila taabu. Mwingine mwajiri wake hakuwa amepeleka michango, na aliposimama dirishani aliambiwa maneno ambayo nayajua tangu ujana wangu: subiri, linashughulikiwa.

Nilimwambia nilichokuwa nawaambia wazee, na nawe msomaji nakuambia. Usikubali jibu la mdomo. Dai lako liandike, ubaki na nakala yenye mhuri na tarehe, na ukikataliwa omba kukataliwa huko kuandikwe na kutiwa saini. Barua ya kukataliwa unaweza kuikatia rufaa. "Njoo kesho" huwezi kuipeleka mahakama yoyote.