Casablanca: Nani Aende, Nani Abaki?

Kuna miji ambayo ukilitaja jina lake tu, mtu anamshika mwenzi wake mkono. Casablanca ni mmojawapo, na sababu ni filamu moja ya mwaka 1942. Kama hujaiona, mpenzi msomaji, kwa kifupi ni hivi.

Ni Desemba 1941, Vita Kuu ya Pili imepamba moto. Mji umejaa wakimbizi kutoka Ulaya, kila mmoja anahangaikia hati ya kumfikisha Lisbon, na kutoka hapo Marekani. Rick, Mmarekani mwenye klabu ya usiku, anajifanya hana habari na mtu. Mara anaingia Ilsa, mwanamke aliyemwacha solemba stesheni ya treni Paris. Safari hii yuko na mumewe, Victor Laszlo, mpiganaji anayesakwa na Wanazi. Rick anazo hati mbili. Anaweza kuondoka na Ilsa, na Ilsa yuko tayari. Badala yake anampandisha ndege pamoja na mumewe, mwenyewe anabaki kwenye ukungu. Humphrey Bogart na Ingrid Bergman wamewaliza watu kwa dakika zile chache tangu enzi za babu zetu.

Mji Wenyewe

Ukifika Casablanca ukitafuta ukungu ule, utacheka. Filamu ilipigwa California, kwenye studio za Warner Bros. Bogart na Bergman hawakukanyaga Morocco hata siku moja kwa ajili yake.

Mji halisi una shughuli zake. Wenyeji wanauita "Casa" tu, kama sisi tunavyosema "Dar". Kwa Kiarabu ni Dar el-Beida, Nyumba Nyeupe, kwa hiyo sisi wa Dar es Salaam tunajikuta kwa ndugu. Bandari iko pale pale mjini, teksi ndogo nyekundu zinapiga honi, tramu inapita katikati ya majengo meupe ya enzi za Wafaransa. Ufukweni umesimama Msikiti wa Hassan wa Pili, uliokamilika mwaka 1993, mnara wake una urefu wa mita 210. Hata asiye Mwislamu anaruhusiwa kuingia kwa ziara ya kuongozwa. Nendeni jioni, jua likizama Atlantiki. Hapo hapahitaji filamu.

Ila mapenzi ya filamu nayo yana nyumba yake. Kathy Kriger, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Marekani, alishangaa kuona mji hauna mkahawa wa Rick. Akanunua jumba la zamani lenye ua wa ndani, pembeni ya medina, kwenye barabara ya Sour Jdid, yaani Ukuta Mpya. Rick's Café ikafunguliwa mwaka 2004. Matao meupe, taa za shaba, piano. Kriger alifariki mwaka 2018, lakini ndoto yake imebaki.

Mezani

Ni kwenye meza ya pale ambapo baba watoto aliniambia jambo. Alikuwa ameitwa kazi Mwanza, kazi nzuri, na mimi dawati langu liko Dar. "Nimeshaandika barua ya kuikataa," akasema. "Nimeamua kwa ajili yako, mama."

Wengi mngeyeyuka. Mimi nikauliza, "Na mimi umeniuliza saa ngapi?"

Tukaanza kubishana, na mfano wetu ukawa Rick. Yeye akasema yule ndiye mwanaume: anapenda mpaka anaachia. Nikamkumbusha kwamba Ilsa alikuwa amefika uwanja wa ndege akiamini anabaki, kumbe mwenzake ameshapanga kila kitu. Kweli, usiku uliotangulia Ilsa alikuwa amemwambia aamue kwa niaba yao wote. Lakini mtu aliyechoka na kulia akikukabidhi uamuzi, je, ndiyo ruhusa ya kumwamulia maisha yake?

Baba watoto hakukubali yote. Akasema Rick alikuwa na vita mbele yake, hakuwa na muda wa kikao. Hapo alinipata. Ilsa angebaki, Laszlo angedhoofika, na kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa kubwa kuliko furaha ya watu watatu. Lakini sisi hatukuwa na ndege inayongoja. Tulikuwa na muda wa kuongea, ndiyo maana kutoongea kusingekuwa na udhuru.

Waliojua Gharama

Filamu ile haijachakaa kwa sababu wengi waliocheza walikuwa wakimbizi kweli. Conrad Veidt, anayeigiza meja wa Kinazi, aliikimbia Ujerumani ya Wanazi na mkewe Myahudi. Madeleine LeBeau, yule msichana anayeimba wimbo wa taifa la Ufaransa huku machozi yakimtoka, alitoroka Paris mwaka 1940 na mumewe, Marcel Dalio, wakapitia Lisbon kama wahusika wa hadithi. Dalio naye yumo, ndiye anayesimamia mchezo wa kamari klabuni. Na wakati filamu inapigwa, mwaka 1942, ndoa yao ilikuwa inavunjika. Walivuka vita pamoja, wakashindwa kuvuka mwaka mmoja wa amani ya California. Yaani kujitoa mhanga mara moja, siku ya hatari, hakulipi deni la siku za kawaida.

Barua ya Mwanza haikutumwa. Tulihesabu mshahara, nauli za ndege, na umri wa mtoto. Baba watoto yuko Mwanza, mimi Dar, tumepeana miaka miwili, na tarehe ya mwisho tuliiandika wawili. Si rahisi. Jumapili usiku, simu ikikatika, nyumba inakuwa kubwa mno. Lakini hakuna kati yetu anayembebesha mwenzake deni ambalo hakuliomba.

Ukipanga Kwenda

Uwanja wa ndege wa Mohammed V uko nje ya mji, na treni inakuleta hadi katikati. Fedha ni dirham. Kifaransa cha kuombea maji kitakusaidia, na Kiarabu cha madrasa nacho kitakufungulia tabasamu. Rick's Café wekeni nafasi mapema na mvae vizuri. Filamu itazameni kabla ya kuondoka nyumbani, na mkiwa mnasubiri chakula mwulize mwenzi wako swali moja: kuna kitu umeniachia ambacho sijui? Kisha nyamaza, usikilize.