Mita Mpya, Maili za Kale



Mhariri alituomba tuandike jambo la manufaa kwa vijana. Sisi tuliosomesha fizikia kwa zaidi ya miaka thelathini tumeona afadhali tueleze kitu tulichokishika kwa mikono yetu hapa Black Rock, kuliko kurudia nasaha ambazo vijana wetu wamekwisha kuzihifadhi. Kitu chenyewe ni mita ya pikipiki.

Mjukuu wetu alikuwa na Honda ya silinda nne, ya mwaka 1976, akiiweka katika banda nyuma ya nyumba, si mbali na Mtaa wa Niagara. Wengi wetu hupita mtaa huo kila siku kwenda kazini bila kujua kwamba E. R. Thomas alikuwa na kiwanda chake humo. Huko ziliundwa, karibu na mwaka 1900, pikipiki zilizoitwa Auto-Bi, miongoni mwa za mwanzo kuuzwa Marekani, na baadaye gari lililoshinda mbio za New York hadi Paris mwaka 1908. Kwa hiyo pikipiki haikuwa mgeni katika mtaa huu. Wageni ni sisi.

Kijana aliazimia kuiuza kabla ya baridi ili apate malipo ya awali ya gari, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemruzuku mtoto wa pili. Lakini kioo cha mita kilikuwa kimepasuka na maji yameingia. Mshale wa mwendo ulitetemeka baina ya 20 na 50 hata barabarani palipo sawa, na mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa umekufa. Kilichobaki kusomeka vyema ni namba za safari: maili 27,416.

Mita ya zamani ni chombo cha ajabu. Waya unaozunguka ndani ya bomba lake hutoka kwenye gurudumu la mbele na kuzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku na kikombe havigusani kabisa. Hata hivyo mzunguko wa sumaku huzaa umeme ndani ya kikombe, umeme huo hukivuta kikombe, na springi nyembamba kama unywele hukizuia. Mshale husimama pale nguvu mbili zinapolingana. Mjerumani Otto Schulze aliisajili hati ya ugunduzi huo mwaka 1902. Tungalikuwa na mita moja mbovu kama hii darasani, tungaliokoa vipindi vitatu vya chaki na ubao.

Kabla ya kuilaumu mita, anzeni na waya. Uchomoeni, muuzungushe kwa vidole. Ukikwama au ukiruka, huenda ugonjwa wote umo humo na dawa yake ni nafuu. Upakeni grisi kidogo, lakini ncha ya juu iacheni kavu, maana grisi hupanda hadi ndani ya mita. Waya wetu ulikuwa mzima. Mgonjwa alikuwa mita yenyewe.

Ng'ambo ya mto, upande wa Canada unaoonekana kutoka kwenye daraja la reli la mwaka 1873, palikuwa na mtu aliyeuza mita iliyotumika, ya pikipiki ya mwaka 1979, safi kama jana. Wacanada walibadilisha vibao vya barabarani kutoka maili kwenda kilomita mwaka 1977, na mita hiyo ilihesabu kilomita, ilionyesha 8,300. Rafiki mmoja wa kijana aliipenda mno. Alisema mnunuzi ataona namba ndogo na hatauliza zaidi. Sisi tulisema kwamba hizo ni kilomita za pikipiki nyingine, tena za mtu mwingine, na hapo neno hilo likaisha. Tulidhani limeisha.

Ikanunuliwa mita mpya ya umeme. Hii haitumii waya unaozunguka. Sumaku ndogo hugandishwa kwenye gurudumu, na kihisi hufungwa kwenye shokapu ya mbele kikihesabu kila sumaku inapopita. Lazima uiambie mita urefu wa mzunguko mmoja wa tairi. Tuliweka alama ya chaki, kijana akaketi juu ya pikipiki ili tairi ibonyee kama safarini, tukaisukuma mzunguko mmoja, tukapima: milimita 2,040. Ni kama mizunguko 789 kwa maili. Mizunguko ya injini huchukuliwa kwenye koili. Kwa injini ile kila koili hutoa cheche moja kwa kila mzunguko, na ukiiambia mita vinginevyo itakupa nusu au maradufu.

Taa ndizo zilizotuchelewesha hadi magharibi. Taa za nyutro na za oili si ngumu: umeme huwafikia daima, na swichi ya kwenye injini hufunga njia kwa kuigusisha kwenye chuma. Indiketa ndiyo yenye mtego. Pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ile zina kitaa kimoja tu cha indiketa, kilichofungwa baina ya waya wa kushoto na wa kulia, kikipata njia ya kurudi kupitia balbu za upande uliozimwa. Kitaa cha kisasa hupitisha umeme kwa upande mmoja tu, basi kiliwaka kulia na kushoto kikanyamaza. Diodi mbili, moja kwa kila waya, zikiungana kwenye kitaa ambacho mguu wake wa pili umepelekwa kwenye chuma, zilimaliza kazi.

Mita ikawaka. Ikaandika sifuri.

Hapo yule rafiki alirudi na hoja yake, safari hii akiwa ameivika kanzu ya sheria. "Bibi," alituambia kwa adabu, "pikipiki ya mwaka 1976 haidaiwi maili kwenye hati ya kuuzia." Ni kweli. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani iliyoanza Januari 2021 inavitaka vyombo vya mwaka 2011 na kuendelea vitamkiwe maili kwa miaka 20. Vya mwaka 2010 na kabla yake vimesamehewa. Lakini msamaha huo ni wa kuandika kwenye hati. Sheria ya tangu mwaka 1972 inayokataza kuchezea mita kwa hila haikumsamehe mtu. Anayebadilisha mita hutakiwa kuiweka namba ileile ya zamani. Isipowezekana, aiweke sifuri na abandike karatasi yenye maili za awali na tarehe.

Tulimwuliza kijana wetu swali moja: mnunuzi akisoma sifuri, atajuaje lini arekebishe valvu, au lini autazame mnyororo wa ndani ya injini? Atapanga matengenezo ya chombo kichanga na kumpakia mkewe juu ya chombo kilichozeeka. Sote tunaijua Sura ya Al-Mutaffifin, ya 83, na wengi wetu hudhani inawahusu wauza nafaka peke yao. Mita nayo ni kipimo. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa walionunua magari yaliyorudishwa namba nyuma hawahitaji tafsiri.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akaleta kalamu. Aliandika kwa Kiingereza, nasi tukaandika chini yake kwa Kiswahili: mita imebadilishwa, ya zamani ilisoma maili 27,416, na tarehe. Sheria inaagiza karatasi ibandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto; walioitunga hawakukumbuka kwamba pikipiki haina mlango. Tukaifunika kwa nailoni na kuibandika chini ya kiti, upande wa kushoto, tupate walau nusu ya utiifu.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mwenye kazi ya usiku. Aliusoma upande wa Kiswahili mara mbili, akaitoa mita ya zamani mfukoni mwake wa nailoni, akalinganisha namba, kisha akaomba apunguziwe dola mia. Mjukuu wetu alitutazama. Sisi tulitazama mto. Alipunguza sitini, wakapeana mikono, na akampa mita ya zamani pamoja na bisibisi ya kufungulia kiti.