Uraka wa Mabibo Ng'ambo ya Ruvuma

Kutoka mlango wa mto Ruvuma kuelekea Palma na Mocímboa da Praia imetanda mikorosho, miti iliyoletwa na Wareno kutoka Brazili. Kama Waayalandi wapatavyo kileo chao kwa kukamua matofaa, Wamakonde hukamua mabibo na kuyaacha maji yake yachachuke. Upande wa Mtwara kinywaji hicho huitwa uraka. Wamwani wa pwani, wengi wao Waislamu, hujiepusha nacho.

Uraka wa siku ya kwanza ndio wa kusifiwa: mtamu, wenye harufu ya tunda na ukakasi kidogo kooni. Ukilala sana, hubaki ukali mtupu.

Bibo lililoanguka halingoji, huoza upesi. Vita vilipozuka Oktoba 2017, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wakulima wengi walikimbia, na mabibo yakaozea chini ya miti.