Kwa Neema, kuhusu Daudi na kitabu cha darasa la 7

Morogoro

Neema mwanangu,

Ujumbe wako niliupata pamoja na picha za daftari la mwanao Daudi. Umeniuliza kama mtoto wa miaka kumi, aliye darasa la 5 na anayesomeshwa nyumbani huko Texas, anaweza kuanzishiwa kitabu cha Sayansi ya Jumla cha wachapishaji Apologia, ambacho wenyewe wamekipangia darasa la 7.

Mwanzishie. Ila sababu uliyonipa siikubali. Unasema akianza sasa, mwakani atasoma kitabu kinachofuata, baiolojia ataisoma darasa la 7, kemia la 8, fizikia la 9, na atakuwa amewatangulia wenzake miaka miwili. Mimi naona miaka hiyo miwili ni mali ya mtoto, na usiitumie kumkimbiza. Kitabu cha mwaka mmoja mkisome miaka miwili. Cha pili nacho mkisome miwili. Atafika kwenye baiolojia darasa la 9 kama watoto wengine, lakini atakuwa amepima, amechora, amekosea na kurudia mambo ambayo wenzake waliyapitia juujuu kwa sababu kengele ililia.

Nikueleze kwa nini naisema kwa nguvu hivi. Nimefundisha kemia sekondari muda mrefu, na mada iliyowashinda watoto wengi ni ya moli, Kidato cha Tatu. Kwa miaka nilidhani kemia ndiyo ngumu. Nilipoanza kukaa nao mmoja mmoja nikaona kwamba wengi walikuwa wamekwama kwenye uwiano. Mtoto anakariri kwamba gramu 18 za maji ni moli moja, lakini ukimpa gramu 45 anatafuta kanuni ya kupachika, kwa sababu hana picha kichwani ya kitu kimoja kuongezeka sambamba na kingine. Huyo hata ungempa kitabu kizuri kiasi gani, angekwama palepale.

Kwa hiyo namba ya darasa iliyo kwenye jalada usiisome kama kipimo cha akili. Inakuambia mtoto anatarajiwa awe amefika wapi kwenye hesabu, na anaweza kusoma kurasa ngapi peke yake bila kuchoka. Ndiyo maana kemia kwenye mfululizo wa Apologia inamtaka awe amemaliza aljebra ya kwanza, na fizikia inamtaka ajue trigonometria kidogo. Mpangilio wa masomo wenyewe haukushuka kutoka mbinguni. Huku kwetu baiolojia, kemia na fizikia huanza pamoja Kidato cha Kwanza na kwenda bega kwa bega. Huko Marekani wanafundisha moja kila mwaka, kwa kawaida baiolojia kwanza. Leon Lederman, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1988, alipigania miaka mingi mpangilio huo ugeuzwe, fizikia itangulie, maana kemia inasimama juu ya fizikia na baiolojia ya leo inasimama juu ya kemia. Wataalamu wanaweza kubishana juu ya kipi kitangulie. Hesabu haina ubishi: ukiiruka, itakusubiri mbele.

Sasa, miaka miwili kwenye kitabu kimoja utaijaza na nini? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Kwenye daftari lake Daudi amechora mche wa maharage na kuandika kwamba mmea hula udongo. Usimsahihishe bado. Msimulie habari za Jan Baptista van Helmont, aliyeishi maeneo ambayo leo ni Ubelgiji, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake. Alitia kwenye chombo udongo mkavu wa ratili 200, karibu kilo 90, akapanda mche wa mti wenye ratili 5, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na ratili 169 na ushei, yaani zaidi ya kilo 75. Akaukausha ule udongo, akaupima tena. Ulikuwa umepungua wakia mbili tu, kama gramu 57.

Mwachie Daudi swali hilo: kilo zaidi ya sabini zimetoka wapi? Van Helmont mwenyewe alisema zimetoka kwenye maji, na alikosea, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili mkavu wa mti imetengenezwa kwa kaboni iliyotoka hewani. Lakini alipima, na kosa lake ni bora kuliko majibu mengi sahihi niliyosahihisha kwenye mitihani. Nunueni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mwacheni apande maharage yake kwenye udongo uliokaushwa na kupimwa, asubiri miezi, apime tena. Matokeo yatakuja na kasoro: udongo utamwagika, mizizi midogo itabaki ndani yake. Hayo nayo ayaandike. Mtoto anayehesabu kasoro za kipimo chake akiwa na miaka kumi na moja amefika mbali sana, hata kama kitabu kiko ukurasa wa arobaini.

Baadaye mpe siki na magadi soda. Kwanza achanganye kwenye bakuli wazi lililokaa juu ya mizani aone uzito ukipungua, kisha kiasi kidogo tu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, aone kinachotokea kwa namba ile. Usimwambie mapema.

Mwaka wa kwanza achana na mitihani ya mwisho wa sura. Akueleze kwa mdomo, na wewe ujifanye hujaelewa. Kurasa ndefu msome pamoja. Kusomewa si kudanganya. Akianza kukariri maneno yaliyokolezwa wino ili akuridhishe, funga kitabu kwa wiki kadhaa mrudi kwenye mizani.

Kuhusu sheria za Texas, umesema jirani yako amekutia hofu. Kwa anayesomesha nyumbani, jimbo linataka kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Sayansi haimo kwenye orodha hiyo. Ninyi mnapumua, mimi ndiye ninayeingiwa na hofu, kwa sababu maana yake hakuna atakayegonga mlango kuuliza kama mtoto anajifunza sayansi. Ni wewe na baba yake tu. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba vyuo vikuu vya huko vingi hutazama zaidi masomo ya darasa la 9 hadi la 12. Akimaliza fizikia darasa la 9, miaka mitatu inayobaki mtaijaza na nini cha kuonyesha?

Kemia ndiyo nitakayoisimamia mwenyewe, hata kwa simu. Kabla hujanunua kitabu chake, nitamtumia Daudi maswali machache ya uwiano, hayana kemia ndani: unga na maji, mafuta ya gari na kilomita, sarafu na uzito wake. Akiyafanya bila kuniuliza atumie kanuni gani, nunua. Akiniuliza, tutakaa na uwiano mpaka umwingie, hata kama ni mwaka mzima.

Na zile picha za daftari endelea kunitumia, hasa kurasa zilizofutwafutwa.

Msalimie mumeo na watoto wote.

Shangazi yako