Soma kosa la kwanza tu

Jamani, gcc ikikutolea makosa 20, usifunge kompyuta. Zamu yetu kituoni ni saa moja tu, na kuna wenzetu washaacha C kwa sababu ya ile mistari myekundu. Soma la kwanza. Kwenye orodha unganishi, mara nyingi ni hili: unknown type name 'Node'. Yaani ndani ya mabano umeandika Node *next, wakati typedef inalitangaza jina Node baada ya mabano kufungwa. Kompaila italijuaje? Anza na typedef struct Node {, ndani weka struct Node *next;. Dada mmoja jana alirekebisha hapo tu, makosa 9 yakaondoka. Likabaki onyo la malloc: #include <stdlib.h> haikuwepo. Akaiweka, ikakubali, dakika 4 zimebaki.