Ukifika Bonga, angalia ungo

Haya msomaji wangu, wiki hii twende zetu Bonga. Ukitoka Babati mjini unashika barabara ya Kondoa, kama kilomita 19 hivi, lami tupu. Zamani ilikuwa vumbi na mashimo, lakini tangu barabara ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, ukisinzia kidogo tu unasikia konda anaita, "Wa Bonga, shukeni!"

Bonga ni kata ya Mji wa Babati, ila usitegemee maghorofa. Hapa ni mahindi, mbaazi na alizeti. Na kama kwingine siku hizi, wazazi wenye watoto wadogo wana swali moja: tumpeleke chekechea ya kawaida au tujikamue kwa ile ya Montessori?

Kwanza tujue Montessori ni nani. Ni mama wa Kiitalia, Maria Montessori, daktari. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya kulelea watoto wa makabwela mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma. Aliwapa viti vya kimo chao na kazi za kweli: kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo, kupapasa herufi za msasa kwa kidole. Akagundua kuwa mtoto akiachwa achague kazi yake, anatulia mwenyewe bila fimbo.

Sasa sikia. Pale Bonga nilimkuta bibi mmoja anachambua mbaazi na mjukuu wake wa miaka minne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

Mtoto ana kaungo kake, anatenga mbovu na nzima, kimyaaa. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Bibi akaniwahi: "Muache, amalize mwenyewe."

Mnaona? Bibi wa watu pengine jina Montessori hajalisikia, lakini somo analo kwenye ungo. Vifaa vya dukani vizuri, sikatai, ila mkono wa mtoto haujali bei.

Shida ni kwamba jina hilo halina mwenyewe. Huko Marekani lilishaamuliwa tangu mwaka 1967 kuwa ni la wote. Kwa hiyo yeyote anaweza kulipaka ukutani, kumbe ndani watoto 60 wamebanana kwenye mabenchi, wanaimba "a, e, i, o, u" kutwa nzima. Hiyo danganya toto, na anayedanganywa ni mzazi aliyeuza gunia lake la mbaazi.

Kwa hiyo kabla hujalipa, chungulia darasani. Wa miaka mitatu na wa sita wako pamoja? Vifaa viko chini wanapofikia? Kila mmoja ana shughuli yake? Muulize na mwalimu kasomea wapi, maana vyuo vya mfumo huu vipo hapa hapa nchini, kama Mtwara na Lushoto.

Wakikukatalia kuchungulia, mama, funga pochi urudi nyumbani. Mbaazi zipo!