Sura ya mtoto si risiti ya msaada

Mama mkwe wangu akiulizwa mimi nafanya kazi gani, hujibu kwa kifupi: "Anaombea watoto." Wengi hudhani natumika kanisani. Ukweli ni kwamba natafuta fedha na kutunza uhusiano na wafadhili katika shirika dogo linalosaidia watoto hapa Mwanza. Naandika maandiko ya miradi, napanga bajeti, natuma ripoti, napokea wageni. Mwisho wa mwezi nahesabu kama zipo za kuwalipa walezi na za kununua unga.

Wazazi wenzangu wakijua hivyo, huniuliza swali moja: hizo fedha za wafadhili zinakwenda wapi? Ni swali halali, na kila shirika linapaswa kulijibu kwa hesabu zilizokaguliwa. Lakini kuna swali jingine ambalo sijawahi kuulizwa: mtoto mwenyewe anatoa nini ili fedha hizo zije?

Anatoa picha yake, jina lake na habari za nyumbani kwao.

Niwaeleze jinsi mambo yanavyokwenda. Mfadhili aliye mbali hamjui mtoto, hajui mtaa wake wala bei ya unga. Ili atoe, lazima kitu kimguse. Hesabu ya watoto elfu moja haimgusi sana. Uso wa mtoto mmoja, jina lake, na sentensi mbili kuhusu mama yake aliyefariki, humgusa mara moja. Kila mtu anayefanya kazi hii anajua hivyo, hata asiposema.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1919 mwanamke Mwingereza aitwaye Eglantyne Jebb alikamatwa jijini London kwa kugawa vipeperushi vyenye picha za watoto wa Austria waliokonda kwa njaa. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Uingereza ilikuwa bado inazuia chakula kufika huko. Mahakama ilimtoza faini ya pauni 5. Mwaka huohuo, yeye na dada yake Dorothy Buxton walianzisha Save the Children. Mwaka 1937 mwandishi wa habari, John Langdon-Davies, alianzisha mpango wa mtu mmoja kumfadhili mtoto mmoja, kwa ajili ya watoto waliokimbia vita vya Hispania. Mfadhili alijua jina la mtoto "wake" na aliweza kuandikiana naye. Mpango huo umelisha na kusomesha watoto wengi duniani.

Kwa hiyo sisemi kwamba picha ni dhambi. Picha za Jebb zilisaidia kuokoa maisha. Lakini mwanamke huyohuyo ndiye aliyeandika azimio la haki za mtoto ambalo Shirikisho la Mataifa lililipitisha mwaka 1924. Alijua kwamba mtoto mwenye njaa ni mtu mwenye haki zake, hata kabla hajashiba.

Sasa nije mtaani kwetu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na kikundi cha wafadhili kutoka nje waliokuwa wakilipia mahitaji ya shule ya watoto 14. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoondoa ada, wengi hudhani mtoto haendi shule kwa uvivu tu. Mzazi anajua kwamba bado kuna sare, viatu, madaftari, sabuni, na tumbo linalotakiwa kujaa kabla ya kuanza hesabu. Hayo ndiyo waliyoyalipia, na walilipa kwa wakati. Walikuwa watu wema, na hilo nalisema bila kejeli.

Mkataba wao mpya ulikuja na fomu ya ridhaa. Kila mwaka tuwatumie picha ya kila mtoto, jina lake kamili, na maelezo ya familia yake, ili waviweke kwenye tovuti yao.

Nilichukua fomu nikapanda mlimani, kwenye zile nyumba zilizojengwa juu ya mawe, kwa bibi mmoja anayeuza dagaa na kulea wajukuu watatu. Mama yao amefariki. Sababu ya kifo chake naijua, lakini siiandiki hapa.

Nilimwamkia, tukaongea habari za biashara, kisha nikamsomea fomu yote polepole. Alisikiliza huku anachambua dagaa. Nilipomaliza akaniuliza:

"Mwanangu, nikisema hapana, unga utakuja?"

"Utakuja, bibi."

"Na madaftari ya mtoto?"

"Yatakuja."

"Basi hapana," akasema. "Huyu atakua. Ipo siku atakwenda kuomba kazi, ipo siku atakwenda kuposa. Sitaki watu wamsome kabla hajafungua mdomo."

Nilishuka mlima nikiwa na fomu isiyo na sahihi na kazi kubwa mbele yangu. Swali lake la kwanza ndilo lililobaki kichwani. Yule bibi hakuanza kwa kuuliza picha itakwenda wapi. Aliuliza kwanza kama atakula. Mtu anayengoja unga kutoka mkononi mwako hawezi kukukatalia kwa uhuru, hata umsomee fomu kwa Kiswahili kizuri namna gani. Ataweka dole gumba. Nawe utarudi ofisini ukisema umepata ridhaa.

Basi nilizunguka kwa familia zilizobaki, na kila nyumba nilianza na jambo moja kabla ya fomu: ukikataa, msaada haukatiki. Familia tisa kati ya 14 zilikataa. Baba mmoja alisema hana tatizo na picha, ila habari za ugonjwa wa mke wake zisiandikwe. Binti mmoja wa darasa la sita alisema tunaweza kuandika kwamba anapenda hisabati, lakini tusiandike kwamba ni yatima, "kwa sababu shuleni hawajui."

Tuliwaandikia wafadhili. Tukawaeleza tunachoweza kutoa: mahudhurio ya watoto wote kwa pamoja, maendeleo yao darasani bila majina, risiti za kila shilingi, ripoti ya mkaguzi, michoro ambayo watoto wenyewe wamekubali kuituma, na picha zisizoonyesha sura. Tukawakaribisha waje waone.

Walijibu kwa adabu baada ya miezi miwili. Wanachama wao, walisema, hutoa kwa sababu wanamwona mtoto. Bila picha na majina wasingeweza kuendelea mkataba utakapoisha.

Kikao cha bodi kilikuwa kigumu. Mweka hazina wetu, mzee aliyelea watoto wengi wasio wake, alisema, "Heshima haijazi sufuria." Hakuna aliyemcheka. Alikuwa anasema kweli kuhusu sufuria. Mjumbe mwingine akauliza kama kuna mmoja wetu pale mezani ambaye angekubali habari za kitandani kwa mke wake ziwekwe kwenye tovuti ili mtoto apate viatu. Kimya. Tukapiga kura, na wafadhili wale tukawaaga kwa barua ya shukrani.

Pengo lilikuwa kubwa. Sehemu yake ilizibwa na mfadhili mwingine wa nje aliyekubali masharti yetu. Sehemu nyingine ilizibwa na watu wa hapahapa: akina mama wa sokoni, kikundi cha VICOBA cha walimu, na kijana mmoja aliyewahi kusaidiwa na shirika letu ambaye sasa ni fundi wa friji. Hata hivyo halikuzibika lote. Kwa mwaka mzima tulisimamisha chakula cha mchana cha Jumamosi. Nililazimika kuwaambia watoto wenyewe, na wapo walioniuliza kwa nini. Uamuzi wa haki nao una gharama, na mara nyingine anayelipa ni yuleyule uliyetaka kumlinda. Sijapata njia ya kulikwepa hilo.

Mwanangu wa darasa la tano alinisikia nikimsimulia baba yake habari hizi mezani. Akauliza, "Mama, na mimi ningekuwa mmoja wao, ungewatumia picha yangu?" Baba yake akanitazama. Nikamwambia ningemuuliza kwanza. Akafikiri, akasema, "Mimi ningekubali. Ila siyo ile niliyolia." Tulicheka, lakini ndani ya jibu lake kulikuwa na kila kitu. Mtoto anajua ipi ni picha yake na ipi ni picha ya shida yake.

Sheria nayo inajua. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamlinda mtoto asiingiliwe faragha yake wala kuvunjiwa heshima. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Haisemi watoto wa matajiri tu.

Naandika haya kwenye ukurasa wa familia kwa sababu suala hili si la Wazungu na mashirika pekee. Ni letu pia, na lipo kwenye simu unayosomea sasa hivi.

Siku hizi tuna desturi nzuri. Mtoto akitimiza mwaka, au sikukuu ya Idi au Krismasi ikifika, familia inanunua mchele, mafuta, sabuni na keki, inakwenda kula na watoto kwenye makao. Ni malezi mema. Mtoto wako anajifunza kwamba sahani yake si ya peke yake. Lakini kabla magari hayajaondoka, simu zinatoka. Watoto wanapangwa mstari, mwenye sherehe anawekwa katikati, na jioni picha zipo kwenye status zikiwa na maneno "tumekula na yatima wetu." Yule binti wa darasa la sita ambaye shuleni hawajui, sasa wanajua.

Mzazi mwenzangu, sikuambii usiende. Nenda, tena nenda mara nyingi. Naomba tu mambo manne ambayo sisi tulio upande wa kupokea huona haya kuyasema, kwa kuogopa utakasirika na usirudi.

Kwanza, piga simu kabla hujanunua. Uliza wanahitaji nini. Desemba makao mengi hupata keki na soda za kutosha, na Februari hayana hela ya LUKU. Wafadhili wengi hupenda kulipia kinachoonekana, kama magodoro, madawati au jengo lenye kibao. Mshahara wa mlezi anayeamka usiku mtoto akiwa na homa, nauli ya kumpeleka hospitali, umeme na maji, hivyo havina wa kuvipigia picha, kwa hiyo ndivyo vigumu zaidi kuvitafutia fedha. Mzazi unayejua gharama za nyumba unaweza kuvielewa kuliko mtu yeyote.

Pili, toa kidogo lakini kila mwezi. Shilingi 5,000 inayokuja bila kukosa kwenye simu hunisaidia kupanga kuliko laki tatu za siku moja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, mashirika mengi yaliona jinsi kikapu kimoja kikubwa kinavyoweza kuondoka kwa sahihi ya mtu mmoja. Wale akina mama wa sokoni hawatoi nyingi, lakini hawahitaji kikao cha nchi nyingine ili waendelee kutoa.

Tatu, piga picha mchele. Piga picha mizigo, piga picha risiti, mpige picha mwanao akibeba ndoo ya mafuta. Wale wengine waache wale kwa amani. Mkuu wa makao akikuruhusu kupiga sura za watoto, kumbuka swali la yule bibi: anakuruhusu kwa sababu anataka, au kwa sababu anaogopa mchele hautarudi?

Nne, zungumza na mtoto wako njiani mkielekea huko. Mwambie asiwaulize wenzake wazazi wao wako wapi. Awaulize wanapenda mchezo gani. Mtoto huelewa haraka akiambiwa mapema.

Na ukitaka kujua kama msaada wako umefika, una haki kamili. Dai risiti, dai hesabu, uliza usajili, uliza kama afisa ustawi wa jamii anayajua makao hayo. Ukiona wanakwepa maswali hayo lakini picha za watoto zinakuja kila siku, tafuta mahali pengine pa kutoa.

Yule bibi bado anauza dagaa. Mjukuu wake yuko kidato cha pili na anapata madaftari yake kila Januari. Wanaoyalipia hawamjui kwa sura wala kwa jina, na ripoti ninayowatumia ina ukurasa mmoja wa hesabu. Mwaka huu wameongeza mchango.